Zulia letu la khanga chakavu limegoma kulala chini (uzi wa kazi za mikono na watoto)

mamakulwa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Nina mapacha wa miaka sita, Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija anayekaribia mitatu. Shule zilifungwa Ijumaa. Jumapili umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, runinga ikatoa moshi. Baba yao kasema runinga nyingine labda mwezi wa pili. Nisiwafiche, sikulia.

Basi wiki mbili hizi tumekuwa tukitengeneza vitu. Vingine vimetoka vizuri, vingine aibu tupu, na kimoja kimenishinda ndiyo maana nimekuja kwenu. Ila niwasimulie kwanza kilichofanikiwa, msije mkaniona sijui kitu.

Magari. Boksi la dawa ya meno ndiyo bodi, vizibo vinne vya chupa za maji ndiyo matairi, njiti za mishikaki ndiyo ekseli. Siku ya kwanza tulitoboa boksi tukapitisha njiti moja kwa moja, gari likawa linaburuzwa tu, matairi yamekaa kimya. Jirani yangu fundi baiskeli akapita, akacheka, "Mama Kulwa, umeweka ekseli bila bushi." Akachukua mrija wa soda, akakata vipande viwili, akavibandika chini ya boksi kwa selotepu, njiti ikapita ndani ya mrija. Gari lilitoka mlangoni likaenda kugonga ndoo ya maji upande wa pili wa ua. Doto alipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatoka.

Vizibo natoboa mimi. Msumari nauchoma kwenye jiko la mkaa nimeushika na koleo, watoto wanakaa mbali. Ukitoboa pembeni kidogo tu gari linachechemea kama mzee. Vizibo vingi vina kinundu kidogo katikati kilichobaki kiwandani, basi toboa hapohapo.

Sasa kilichonishinda. Nilichana khanga chakavu vipande vya upana wa vidole vitatu, mapacha wakasuka msuko wa tatu kama wa nywele, mimi nikawa nashona nikizungusha kama ile dawa ya mbu ya kuwasha. Nilitaka zulia dogo la kuweka kando ya kitanda chao. Mpaka ukubwa wa sahani mambo yalikuwa safi. Baada ya hapo kingo zikaanza kuinuka. Sasa hivi lina ukubwa wa beseni, na umbo la beseni pia. Nimelikanyaga, nimelipiga pasi, nimeliweka chini ya godoro usiku kucha. Asubuhi limeamka limenuna vilevile.

Kosa liko wapi?

chapa_kazi

Kosa ni kutokwenda Kariakoo kununua mkeka wa plastiki. Maisha mafupi haya mama.

mamakulwa

Nilijua utatokea mmoja.

mwl_mstaafu

Mama Kulwa, nimefundisha hisabati na kazi za mikono shule za msingi mpaka nilipostaafu, na bakuli kama hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Naomba unijibu jambo moja: unaposhona, zulia umeliweka wapi?

mamakulwa

Shikamoo mwalimu. Naliweka mapajani, maana huku natazama sufuria.

mwl_mstaafu

Marahaba. Basi ugonjwa ni huo.

Chukua msuko wako, tuseme una upana wa sentimeta mbili na nusu. Kila ukimaliza mzunguko mmoja, mzunguko unaofuata ni mrefu kuliko uliopita kwa takriban sentimeta 16. Haijalishi zulia ni dogo kama kisosi au kubwa kama uwanja, nyongeza ni hiyohiyo kila mzunguko. Ukivuta msuko wakati wa kushona unaunyima zile sentimeta. Msuko ukinyimwa nafasi ya kwenda nje unakwenda juu. Na paja lako ni la mviringo, limekusaidia kulikunja bila wewe kujua. Pasi haiwezi kurudisha urefu ambao haumo.

Dawa: laza zulia juu ya meza au sakafuni. Msuko uachie ulale wenyewe kwenye kona yake, halafu ndiyo ushone. Unachokaza ni uzi, siyo msuko. Kila baada ya mishono mitatu minne usukume msuko mbele kidogo kwa kidole gumba, kama unaulisha. Ukiona kingo zinaanza kuwa na mawimbi kama pindo la gauni, hapo umelisha kupita kiasi, punguza.

Fumua mpaka pale lilipoanza kuinuka, uendelee kutoka hapo.

Na kwa kuwa wengi huanza bila kujua kitambaa kitatosha au la: zulia la duara lenye kipenyo cha sentimeta 60 kwa msuko wa upana huo linataka msuko wa mita 11 na kidogo. Kusuka kunakula karibu theluthi ya urefu, kwa hiyo kila mkia uwe na mita 17. Mikia mitatu, mita 51. Khanga moja ikichanwa kwa marefu yake vipande vya sentimeta tano hutoa kama mita 33. Doti moja inatosha na chenji inabaki.

jogoo_la_shamba

Mwalimu huyu angenifundisha mimi ningekuwa mhandisi saa hizi.

bintipwani_MSA

Salamu kutoka Kisauni. Dadangu, sisi huku twaita leso, ila kuchakaa zachakaa sawa tu.

Nikuongezee moja: usizikate kwa mkasi kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono utakuuma na mstari hautanyooka. Tia mkasi pembeni kidogo tu, kisha shika pande mbili uchane kwa mkono. Pamba yapasuka kufuata uzi wake, yanyooka kama rula. Na watoto wapenda hiyo kazi kuliko yote, maana ni siku pekee wanayoruhusiwa kupasua nguo.

Nyanya yangu alikuwa akisuka ukili wa mikeka, ukindu ameuloweka, ameupiga rangi, shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, ameichomeka kwenye leso kichwani ili isipotee. Mikeka mizuri wallahi. Lakini sisi wajukuu hakutupa ukindu mara moja. Alitupa vitambaa kwanza, tukasuka mpaka vidole vikajua vyenyewe, kwa sababu ukindu wataka mkono usiositasita na kingo zake zakata. Kwa hivyo hao mapacha wako wako darasa la kwanza la ukili bila kujua.

baba_J_kimara

Wakuu naomba kuuliza tofauti kidogo. Mimi nilitaka kumtengenezea kijana wangu wa miaka mitano kishada. Nikakata njiti za ufagio wa chelewa, nikafunga msalaba, nikabandika gazeti, nikapima, nikarekebisha. Saa mbili nzima. Nilipogeuka mtoto amelala sakafuni. Na kishada chenyewe kilipanda mita mbili kikazunguka kama feni kikaanguka. Tatizo mimi au mtoto?

bintipwani_MSA

Tiara kuzunguka ni mkia mfupi, kaka. Funga kipande kirefu cha leso chini, ikizidi kuzunguka ongeza tena. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, wala usinunue. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki ya madukani, tangu ipigwe marufuku huku Kenya 2017 tumerudi kwa gazeti, na mimi naona gazeti lapaa vyema zaidi likiwa kavu. Mvua ndiyo adui.

Kuhusu mtoto kulala, ulimpa kazi gani?

baba_J_kimara

Alishika selotepu.

bintipwani_MSA

Basi hata mimi ningelala.

mamakulwa

😂 Baba J usikasirike. Mimi pia siku ya kwanza ya magari nilifanya kila kitu mwenyewe nikawaambia "tazameni". Walitazama dakika tatu. Nilichojifunza ni kumpa mtoto sehemu anayoweza kuiharibu. Kulwa anakata boksi vibaya, madirisha yake hayafanani, lakini gari ni lake, analala nalo. Mwachie abandike gazeti mwenyewe hata likiwa na mikunjo. Wewe baki na njiti.

muuguzi_zamu_usiku

Samahani kuwaingilia, naandika nikiwa kazini. Mama Kulwa umesema kuna wa karibu miaka mitatu hapo. Vizibo vya chupa ni saizi ya koo la mtoto kabisa. Kipimo cha nyumbani: kiini cha karatasi ya chooni, yaani lile bomba la katikati. Kitu chochote kinachopita ndani ya kile kiini kisikae mkononi mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Gari la Shija likaguliwe kila siku kama matairi hayajalegea.

La pili, vile vibetri vya duara bapa vya saa na midoli inayowaka taa. Mtoto akikimeza kikakwama kooni kinaunguza ndani ya saa mbili, na unaweza usione dalili mapema. Ukihisi tu amekimeza, usisubiri asubuhi, kimbia hospitali.

La tatu nalisema kwa sababu naona watu wanapenda shanga za asili. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ni sumu, na za mbarika pia. Zikitafunwa zinaua. Ushanga tengenezeni kwa karatasi za magazeti ya rangi, kata pembetatu nyembamba ndefu, viringisha kwenye njiti kuanzia upande mpana, bandika ncha kwa gundi. Zinapendeza na hazina madhara.

mamakulwa

Asante sana dada. Gari la Shija nimelitoa matairi sasa hivi. Amelia, nimemwambia limekuwa boti. Amekubali.

mwana_wa_unguja_mct

Mimi niko Muscat, na huku likizo ya watoto inaangukia kwenye joto ambalo mchana hutoki nje kabisa. Kwa hiyo kazi zetu ni za ndani. Kubwa lao ni unga wa kuchezea. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, viwili vya maji, vijiko viwili vya mafuta ya kula na maji ya ndimu moja. Rangi ya chakula weka kwenye maji. Koroga vyote baridi kwanza usiwe na madonge, ndipo uweke kwenye moto mdogo, usonge kama ugali mpaka uachane na sufuria. Acha upoe kidogo, kanda. Ukinata mkononi rudisha motoni, haujaiva. Kwenye kopo lenye mfuniko unakaa wiki kadhaa.

Onyo moja: una chumvi nyingi mno. Kulamba mara moja ataacha mwenyewe, lakini asiule kama chapati.

Bintipwani umenikumbusha mbali. Wazee wa huku nao wanasuka majani ya mitende, wanaita khoos, vikapu na mikeka. Mara ya kwanza kuwaona sokoni nilisimama nikadhani niko Pemba.

mamakulwa

Nimeusonga huo unga leo asubuhi. Kulwa katengeneza nyoka kumi na moja, wote nyoka. Nikamuuliza mbona hakuna mnyama mwingine, akasema "wengine wameliwa".

rangi_na_brashi

Kwa wenye watoto wa kuchora: msitupe vipande vya mbao za dari fundi akimaliza. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 pale Dar na vitu vya aina hiyohiyo, mbao za dari na rangi za mafuta. Kwa watoto wadogo tumieni rangi za maji, zile za mafuta zinataka tapentaini na harufu yake siyo ya chumbani. Paka ubao wote rangi moja kwanza, acha ukauke kabisa, kesho yake ndiyo mnyama. Ukimwacha mtoto apake vyote siku moja unapata matope.

chapa_kazi

Nimerudi. Zulia limelala?

mamakulwa

Wadau, mrejesho. Vuteni viti.

Mwalimu alisema nifumue. Nikaketi na mkasi na lile bakuli. Shija akaja, akalichukua, akalivaa kichwani, akaondoka. Kila nikilishika analia kama namchinja. Nikaamua basi, liwe la kwake, naanza zulia jipya mezani kama nilivyoelekezwa.

Jipya linataka kitambaa. Nikawaambia mapacha, "Nendeni kwenye sanduku, chukueni khanga ya chini kabisa, ile iliyofifia." Mimi niko jikoni. Nasikia praaaa. Ule mlio ambao bintipwani kausifia. Nikaja mbio.

Haikuwa iliyofifia. Ilikuwa khanga aliyonipa mama mkwe siku ya harusi yangu, ambayo naiweka chini kabisa kwa sababu naitunza. Jina lake WEMA HAUOZI. Kulwa alikuwa ametia mkasi katikati ya pindo la chini kama alivyofundishwa, akashika upande wake, Doto wake, wakavuta. Imepasuka katikati kabisa, imepita pindo, imepita jina, imepita mji, mpaka juu. Kulwa amebaki na WEMA. Doto amebaki na HAUOZI. Wote wawili wananiangalia wakisubiri niwasifu.

Na mama mkwe anatoka Kahama kesho kwa basi, anakuja kula Krismasi na sisi.

jogoo_la_shamba

Hama nyumba.

bintipwani_MSA

Yallah! Ficha vipande, umwambie iko kwa dobi.

mwl_mstaafu

Usimdanganye mkweo, Mama Kulwa. Mwambie mapema, kabla watoto hawajamwambia, maana watamwambia.

baba_J_kimara

Mwalimu yuko sahihi. Wangu alimwambia shangazi yake bei ya zawadi.

muuguzi_zamu_usiku

Tupe mrejesho tafadhali, zamu ni ndefu.

mamakulwa

Nimechelewa kurudi, nyumba ina wageni.

Mwalimu, watoto walimwambia kabla hajavua viatu. "Bibi, tumechana khanga yako!" kwa furaha kabisa. Mimi nikapiga magoti nikaanza kuomba radhi. Mama hakusema kitu. Akaomba maji, akanywa. Akasema zileteni nizione.

Akavishika vile vipande, akavinyoosha kwenye magoti, akauliza, "Na mnatengeneza nini?" Doto akamletea mwanzo wa zulia jipya, ukubwa wa kisosi. Mama akaligeuza, akalipima kwa kiganja, akasema mishono yangu ni ya mbali sana, kuku anaweza kupita. Kisha akakunja gauni kidogo, akachukua ukanda mmoja wa ile khanga, akausokota kwenye paja lake lililo wazi kwa kiganja, mara moja, kama wanavyosokota nyuzi za katani. Kitambaa kikawa kamba ngumu ya mviringo, kingo zote zimeingia ndani, hakuna nyuzi zinazochomoza. Nilikuwa nahangaika na zile nyuzi wiki nzima nikizikata na mkasi! Akampa Kulwa, "Ukisokota kwanza ndipo usuke, linakaa miaka." Mapacha sasa mapaja yote mekundu, wanasokota kila kitu, mpaka taulo.

Tumeshona siku nne, mama na mimi, sakafuni, tukisukuma msuko kwa kidole gumba kama mwalimu alivyosema. WEMA yote imeingia humo pamoja na shuka moja kuukuu. Jana nimelipima, sentimeta 58. Limelala chini, kingo zimetulia, ukilikanyaga halitelezi sana. Katikati lina rangi ya khanga na nje shuka la bluu, na kuna mahali Doto alisuka mkia mmoja legelege panaonekana kama uvimbe. Mama kakataa nisipafumue. Kasema akija mwakani apajue ni pa nani.

HAUOZI hakukisokota. Alikikata kile kipande chenye maandishi, akakunja kingo, akakishona kwa nje kwenye lile bakuli la Shija, herufi zote zinasomeka.

mwana_wa_unguja_mct

Nimesoma huku nimesahau chai jikoni, imechemka imekauka. Mfikishie mama salamu zangu.

chapa_kazi

Sawa, nafuta kauli yangu ya Kariakoo. Nusu yake.

mamakulwa

Nina swali la mwisho ndiyo nifunge. Shija alisahau bakuli lake uani juzi. Kuku wa mwenye nyumba kaingia, katulia, leo asubuhi tumekuta yai. Mwenye nyumba anasema yai ni lake kwa kuwa kuku ni wake. Shija kalikumbatia bakuli, anasema ni lake kwa kuwa limezaliwa kwake. Wanasheria mpo?

jogoo_la_shamba

Yai la mwenye kuku. Ila alipe kodi ya chumba.

bintipwani_MSA

Shija apewe yai, mwenye nyumba apewe nyoka mmoja wa Kulwa.

baba_J_kimara

Kwani bakuli si limeandikwa HAUOZI? Liacheni humohumo, halina haraka.

mwl_mstaafu

Yai HALIOZI. Tena linaoza. Lipikeni leo.